Nilivyoyapanga Maghala Kama Wageni wa Shughuli

Watu wakiingia dukani kwangu Kilwa Masoko husema, "Fundi, nitafutie programu ya kufanya hivi na hivi." Hawajui wanachosema. Wanadhani kutafuta ni kuandika neno na kubonyeza. Kuandika neno na kubonyeza hata kuku anaweza, akipita juu ya kibodi. Kazi ni kinachokuja baada ya hapo, na kazi hiyo katika wilaya hii naijua mimi. Mwingine anaijua pia, lakini simpendi, na nitamfikia.

Mimi niliishia darasa la saba, Likawage, na hilo la saba lenyewe nililisoma jicho moja ubaoni, jicho moja shambani kwa mjomba kuwafukuza nyani. Hakuna aliyenishika mkono. Nilianza na redio, nikaja kwenye simu, nikaja kwenye kompyuta. Ofisi zilikuwa zinatupa kompyuta zilizokufa, mimi nikawa nazizoa, nazifufua, nazivalisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotolewa bure, kwa sababu Linux haidai leseni na haichagui tajiri. Leo kompyuta nyingi unazoziona mashuleni na kwenye vibanda vya kuchapa, kuanzia hapa hadi Nangurukuru na kwenda huko bara, zimepita kwenye mikono hii. Ukibisha, geuza mojawapo uangalie chini. Utakuta doa jekundu. Nilipaka rangi ya kucha ya mke wangu, na mke wangu hajanisamehe.

Sasa nikueleze maghala, maana usipoelewa hapo hutaelewa ugomvi.

Kwenye Linux programu huendi kuinunua dukani. Kuna maghala huko kwenye mtandao. Watu wanaandaa programu, wanazifunga, wanaziweka ghalani, na kila mtu anachukua bure. Lakini ghala si moja. Kuna ghala kubwa la zamani, ambalo kitu hakitoki mpaka kimekaguliwa na kukaguliwa tena. Kuna ghala la vijana, kila asubuhi kitu kipya, moto moto, na mara nyingine kibichi. Kuna maghala yanayoifunga programu pamoja na kila inachohitaji, mzigo unakuwa mzito kama wa bibi harusi anayehamia kwa mume. Halafu kuna maghala ya watu binafsi, fundi mmoja kakaa kwake kapika vyake. Programu ileile utaikuta kwenye maghala yote, umri tofauti, uzito tofauti, mara nyingine hata jina tofauti. Ukiandika neno, majibu yanakuja kama viatu mlangoni mwa msikiti siku ya Idi. Vyote viatu. Chako kipi?

Na huku kwetu mtandao ni bando, na bando ni moto kwenye makuti. Kwa hiyo niliyanakili maghala yote kwenye diski, nikawa naizungusha mashuleni na maofisini, naihuisha kila inaporudi kwangu. Kisha nikatengeneza kitafutio changu. Ukiandika neno mara moja, kinaingia kwenye maghala yote yaliyomo kwenye diski na kurudi na majibu yaliyopangwa. Sikufundishwa. Nilichukua amri za watu wengine, nikazivunja nione zina nini ndani, nikaziunga upya kwa namna yangu. Wapo waliosoma miaka wakashindwa, lakini hao siwataji, wana wake na watoto.

Kupanga nilikujulia wapi? Kwenye shughuli. Ukoo wetu ukiwa na harusi au hitima, anayepanga watu kwenye majamvi ni mimi. Ukikosea hapo umevunja ukoo. Wazee jamvi la mbele, sinia lao linatoka la kwanza. Wanafuata majirani. Wanafuata wageni waliotoka mbali. Mwisho wadoezi, wale waliosikia harufu wakaja, hao wanakaa karibu na lango na wanapata kinachobaki. Hakuna anayelalamika, maana kila mtu anajua kwa nini amekaa alipokaa.

Nikayapanga maghala hivyohivyo. Programu moja, mstari mmoja, hairudiwirudiwi kama kwenye vitafutio vya kizungu. Chini ya jina lake, maghala inakopatikana, kwa heshima zao. Ghala la wazee juu. Chini yake maghala ya mizigo mizito, maana hayo nayo yana watu wa kuyasimamia. Kisha la vijana. Mwisho wadoezi, yaani maghala ya watu binafsi. Na nasema mpaka leo, palikuwa na akili hapo. Programu ya zamani imeshikwa na mikono mingi, haikuangushi. Mwalimu wa Likawage akichagua ya kwanza bila kusoma chochote, amepona.

Huyo ninayemchukia ni mtu wa Sudi, kule kwa wavuvi pwani ya Lindi, ila ana kibanda cha ufundi Kilwa Kivinje. Ana ghala lake mwenyewe. Anachukua programu mpya na kuzipika upya ili ziende kwenye kompyuta za zamani, zile ambazo maghala makubwa yameacha kuzihudumia. Nakala ya ghala lake nilikuwa nayo kwenye diski yangu, maana alikuwa anampa kila mtu. Kabila lake na langu ni watani. Wasiojua utani wa kusini wanadhani ni mzaha tu. Si mzaha, ni sheria. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kulala kwenye kaburi la baba yako akazuia maziko mpaka apewe chake, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umekosa wewe.

Siku ninatambulisha kitafutio changu kwa walimu, kwenye ukumbi wa shule moja hapa Masoko, naye alikuja. Hakualikwa. Nimeeleza vizuri, walimu wanatingisha vichwa, wanaandika. Mara akasimama nyuma kabisa.

"Jamani, huyu mtani wangu kazoea kugawa pilau. Sasa kompyuta zenu zitapewa nyama kwa kufuata umri."

Ukumbi ukacheka. Nikamjibu palepale, "Na wewe kaa mbali na nyaya zangu, mtu wa Sudi. Ukizigusa zitanuka pweza mpaka mwakani."

Wakacheka zaidi. Nilidhani tumemaliza. Hakumaliza.

"Msimlaumu," akasema, "mtu kakulia mizizi ya ming'oko porini, sahani yake jani. Juzi kapewa sahani, kauliza hili jani mbona gumu."

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akavua miwani akajifuta macho. Nami nilicheka, kwa meno. Ningefanya nini? Ni mtani. Lakini wale walikuwa wateja wangu, na mtu akikucheka leo, kesho anapunguza bei. Sheria ya utani inanikataza kununa. Hainikatazi kupanga majamvi. Nilipofika dukani niliketi, nikalitoa ghala lake hata pale kwa wadoezi, nikaliweka nje ya ua kabisa. Kitafutio kikawa hakilionyeshi mpaka uandike neno fulani la siri, na neno hilo sikumwambia mtu. Ghala lilibaki kwenye diski, maana kulifuta ni kazi na nilikuwa na hasira ya kazi nyingine. Lakini kwa anayetafuta, mtu wa Sudi hakuwepo duniani. Nililala usingizi mtamu.

Sasa dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu, anaishi Kivinje, nyuma ya jengo la Mjerumani lile lililobaki kuta. Mama yetu alipofariki kila mmoja alipata mikorosho yake Likawage. Dada akauza yake, yote, akanunua mashine ya kudarizi, ile inayochorewa nakshi kwenye kompyuta kisha inashona yenyewe. Ukoo ulimjia juu. Kuuza mikorosho ya mama? Walimwita majina. Alipokuja kwangu kuuliza kama kitu kama hicho kinawezekana, nilimwambia, "Dada, mashine nunua. Programu niachie mimi. Unaongea na nani hapa?" Nikampa na kompyuta, yenye doa jekundu chini.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, kwa watoto wa madrasa, wavae Maulidi. Ustadhi wa madrasa alipitia pale barazani kwake, hakukaa hata kwenye mkeka.

"Bibie, mimi nakuamini, lakini watoto hawawezi kusoma Maulidi vichwa wazi. Dar yupo mtu anazo tayari. Ijumaa baada ya swala nitapita. Nikiona kofia moja tu ya mfano, kazi yako. Nisipoona, usininunie."

"Utaiona, ustadhi," dada akasema, akaniangalia mimi.

Mimi nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika kwenye kitafutio changu: programu ya kudarizi. Majibu yakaja safi, yamepangwa. La kwanza, ghala la wazee. Nikaiweka. Ikafungua mchoro wa kofia, nakshi zote, nikasema basi. Nikatoa faili kwenye flashi, nikachomeka kwenye mashine ya dada. Mashine ikalia pii, kioo kitupu. Programu ile ilikuwa ya zamani mno, mashine ile inazungumza lugha ambayo wakati programu inapikwa haikuwa imezaliwa. Nikashuka kwenye mizigo mizito: kompyuta ikaikataa, imepikwa kwa kompyuta za kizazi kipya tu. Nikashuka ghala la vijana: imekataa, sababu ileile. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Niliandika neno kwa namna zote ninazozijua. Patupu.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa anakikunja na kukikunjua. Kukunja huko nakujua, mama alikuwa nako.

Ndipo mtu wa Sudi alipotokea. Alikuwa anapita na redio ya mtu kwapani. Akasimama chini ya baraza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mtani."

"Mtani wangu mdogo huyo analia nini? Bibi harusi kakimbia?"

"Pita njia yako," nikamwambia.

"Napita. Lakini hiyo programu unayoitafuta niliipika mimi, kwa ajili ya kompyuta hizi za marehemu unazouzia watu. Iko kwenye ghala langu. Na ghala langu liko kwenye diski yako. Au umelimeza?"

Dada akageuka. "Kweli?"

"Sijui," nikasema.

"Hujui kilichomo kwenye diski yako mwenyewe?"

"Anajua, dada," yule akasema, akaweka redio chini ili mikono nayo ipate kusema. "Kaniweka nje ya ua. Nimeandika jina la ghala langu kwenye kitafutio chake, halikutoka. Nikaandika majina ya vitu nilivyopika, havikutoka. Sisimizi wa nyumba hii wana heshima kuliko mimi. Lakini si neno. Mtani hakai kwenye safu. Mtani anakaa anapotaka."

"Mdogo wangu," dada akaniambia kwa sauti ndogo, "mpe mtani jamvi tumalize."

Nikakataa. Nitakwambia nilichosema, na kilikuwa kweli, si kisingizio: "Siweki kwenye kompyuta yako kitu alichokipika mtu chumbani kwake bila mkaguzi. Huyu hata supu yake siinywi."

"Supu nikupe wewe?" mtu wa Sudi akasema. "Uitafute chumvi kwa kufuata umri?" Akachukua redio yake akaondoka anacheka. Watoto waliokuwa barazani wakacheka naye. Nikafunga diski yangu, nikapanda pikipiki nikarudi Masoko bila kumuaga dada vizuri.

Nilisema nitaipata bila yeye. Kwanza nilipiga simu kwa mtu wa ofisi moja Lindi niliyewahi kuwafufulia kompyuta, nikaomba niazimwe moja ya kizazi kipya. Akasema njoo wiki ijayo, bosi kasafiri. Wiki ijayo Ijumaa itakuwa imezikwa. Basi nikaamua kuipika mwenyewe. Nikaununua mtandao kama mlevi, nikavuta mali ghafi zake, yaani maandishi ya asili ambayo programu hupikwa kutoka kwayo. Programu ikataka kitu fulani, nikakileta. Kile nacho kikataka mwenzake. Mwenzake akataka ndugu zake. Niliwaleta ndugu mpaka kompyuta ikajaa ukoo mzima, na bado ikaungua sufuriani. Nikaanza upya. Ikaungua. Nimepika vitu vingi katika maisha haya, hicho kilinishinda, na kilinishinda kwa sababu ya haraka, si kwa sababu nyingine. Ningekuwa na mwezi ningekipika vizuri kuliko yeye.

Dada akapiga simu. Hakusalimia.

"Mama alinigawia mikorosho."

"Najua, dada."

"Nimeiuza. Likawage wananicheka. Shangazi hapokei simu yangu. Wewe ulisema programu niachie mimi. Nimekuachia. Iko wapi?"

"Naishughulikia."

"Unamshughulikia yule, mimi hunishughulikii. Hebu niambie, kwenye hicho kitafutio chako anayetafuta ni nani? Wewe au mimi?"

"Wewe."

"Basi nipangie mimi. Hao wengine mbona unawapangia majamvi, wamekuja kula kwako? Mimi ndiye mwenye njaa."

Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikasirika na dada, na ustadhi, na mashine, na kila mtu wa Sudi aliyewahi kuzaliwa. Lakini mimi si mjinga. Mjinga angekaa na hasira yake, Ijumaa ikapita. Maneno ya dada yalikuwa na kitu. Kwenye shughuli nawapanga watu kwa heshima kwa sababu chakula ni kilekile kwenye kila sinia. Ukikaa mbele ukikaa nyuma, pilau ni pilau. Kwenye maghala chakula si kilekile. Kuna sinia lina nyama na mlaji hana meno.

Nikaandika neno la siri. Ghala la mtu wa Sudi likatoka. Programu ilikuwepo, palepale, mpya, imepikwa kwa kompyuta ya dada hasa. Sikuiweka hivihivi. Nilikifungua kifurushi chake, nikaangalia kila kilichomo, kila amri itakayokimbia siku ya kuwekwa, inagusa nini, inaacha nini. Nilitafuta uchafu. Nilitamani nikute uchafu, nimpigie mwalimu mkuu simu nimwambie. Hapakuwa na uchafu. Ilikuwa kazi safi, imefungwa kwa adabu, na nikamchukia zaidi kwa usafi wake.

Sasa, mtu mwingine angemwondoa nje ya ua, akamrudisha kwa wadoezi, akafunga mjadala. Mimi nikifanya kitu nafanya chote. Nilikivunja kitafutio changu na kukiunga upya. Sasa kikiamka, kwanza kinaitazama kompyuta kilipokaa: ni ya kizazi gani, ina nafasi gani. Kisha kinakuuliza swali moja: unataka mwishowe upate kitu gani? Dada anaandika lugha ya mashine yake. Baada ya hapo ndipo kinapanga. Ghala ambalo kitu chake hakitaingia kwenye kompyuta yako linashuka chini, na kando yake inaandikwa sababu, ili usije ukasema umeonewa. Linaloingia lakini halitoi unachotaka linakaa katikati, nalo na sababu yake. Linaloingia na kutoa linakaa juu. Wakilingana wawili huko juu, hapo tu ndipo mzee anatangulia. Heshima haijafutwa, imesubirishwa.

Nikaenda Kivinje na diski. Nikaandika. Ghala la wazee likakaa katikati: linaingia, halitoi faili ya mashine hii. La vijana na ya mizigo chini: hayaingii kwenye kompyuta hii. Juu, peke yake, kama bwana harusi, mtu wa Sudi.

Dada akasoma. Akasema, "Kumbe ilikuwa humu," basi. Ningependa aongeze, nijibu, lakini alikuwa ameshavuta kiti cha mashine. Tukatoa faili, tukachomeka. Kioo kikaonyesha kofia, nakshi zimejaa. Sindano ikaanza. Dada aliweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayempima mtoto homa, na hakukiondoa mpaka uzi ukakatika mwishoni.

Ustadhi alipita Ijumaa kama alivyosema. Akaigeuza kofia ndani nje. Akavuta uzi kwa ukucha. Akaivalisha kwenye ngumi yake, akaizungusha kuitazama pembeni.

"Viua vimefungwa," akasema. "Shona."

Alipoondoka dada aliingia ndani, nikasikia anaongea na shangazi kwenye simu, na shangazi amepokea. Anaongea kwa sauti kubwa, ili na mimi nisikie, na majirani wasikie, na Likawage kama inawezekana wasikie bila simu.

Kofia ya kwanza kabisa, ile ya mfano, unadhani alimpa nani? Hakunipa mimi. Alimpelekea mtu wa Sudi kibandani kwake. Nilipomuuliza akasema, "Wewe ni ndugu, utapata." Sijaipata. Nimenunua yangu Lindi, na ni nzuri zaidi.

Halafu ikaja hesabu ambayo sikuipiga. Diski yangu ikazunguka na kitafutio kipya, shule hadi shule, ofisi hadi ofisi. Na kompyuta za huko ni zipi? Ni zangu. Zote za zamani, zote zina doa jekundu. Kila mwalimu aliyetafuta chochote kipya, kitafutio kikaitazama kompyuta, kikaona ni ya zamani, kikapanda juu na jina la ghala moja. Masoko, mtu wa Sudi juu. Kivinje, juu. Likawage, kwetu, kwenye shule niliyosoma mimi, mwalimu ananipigia kuniuliza, "Fundi, huyu wa kwanza hapa ni mwanafunzi wako?"

Nikamwambia, "Ni mtani wangu." Ilinitoka kwa shida.

Wapo walionishauri nirudishe ule mpangilio wa zamani. Ningeweza. Ni mistari michache tu. Lakini kazi yangu sasa ni nzuri kuliko ilivyokuwa, na mimi siharibu kazi nzuri kwa ajili ya mtu mbaya. Anayefanya hivyo hajui thamani ya mikono yake. Nimeiacha.

Juzi kaja dukani mwenyewe. Kavaa ile kofia, jasho limeilowanisha pembeni. Nilijiandaa. Nilidhani kaja kudai jogoo, ile faini ya utani, kwa kuwekwa nje ya ua, na jogoo hampati, hata vita vya mababu zetu virudi. Hakudai jogoo. Aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka simu yake mezani kwangu kama mtu anayekabidhi silaha.

"Mtani, nishushe."

"Nikushushe wapi?"

"Nishushe kidogo kwenye orodha. Kila mtu wilaya hii ananipigia mimi. Printa imekataa, ananipigia. Sauti haitoki, ananipigia. Mwalimu mmoja wa bara kanipigia niko kwenye sujudu. Vitu vingine hata sikupika mimi. Wanaona jina juu, wanapiga. Na nikipika kimoja kikapasuka sasa, sipasukii chumbani kwangu, nawapasukia wote."

"Ndivyo wazee walivyo," nikamwambia. "Ukikaa mbele, unaombwa dua, unaombwa nauli, unaombwa na ushauri."

"Utani pembeni, kaka."

Hajawahi kuniita kaka. Nilinyanyua chuma changu cha kulehemu, nikapuliza ncha yake, nikaendelea na redio iliyokuwa mbele yangu.

"Sikupangi mimi," nikasema. "Kompyuta zinapanga. Zunguka ukaongee nazo moja moja."

Akataka kusema kitu. Simu yake ikalia pale mezani. Akaitazama, akanitazama. Ikaendelea kulia mpaka akaichukua, nikamsikia anamwambia mtu huko, kwa upole wa mtu aliyechoka, "Haya, mwalimu. Kwanza umeizima ukaiwasha?"